Oskiloskopu (vifaa vinavyochora umbo la volti) za bei nafuu za kuchomeka kwenye kompyuta: ununue ipi?

Bajeti ikiruhusu, nunua PicoScope 2204A. Isiporuhusu, chukua Hantek 6022BE, kisha uiendeshe kwa programu huria ya OpenHantek6022. Nyingine ni za kazi maalumu.

Hantek imeandikwa masafa ya hadi 20 MHz na PicoScope 10 MHz, hivyo wanunuzi wengi hukimbilia Hantek. Wanasoma namba isiyo yenyewe. Hantek huchukua sampuli (vipimo vya volti) milioni 48 kwa sekunde, kila moja baiti moja, na haina kumbukumbu ya maana ndani yake: kila kitu kinapita moja kwa moja kwenye USB 2.0, ambayo hata kwa nadharia haizidi baiti milioni 60 kwa sekunde. Chaneli mbili kwa kasi hiyo zingehitaji milioni 96. Ndiyo maana ukiwasha zote mbili, OpenHantek6022 hukushusha hadi sampuli milioni 15. Triga (inayoamua ni lini mawimbi yanaswe) nayo inafanywa na kompyuta, kwa hiyo tukio la mara moja, kama volti inayoruka relei inapoachia, linaweza kupita bila kunaswa.

Tofauti kubwa kwa fundi wa pawa saplai iko kwenye ingizo. Hantek inapokea ±5 V tu, na haina swichi ya AC (inayozuia volti tulivu na kupitisha mawimbi tu). Ukitaka kuona mawimbi ya 50 mV juu ya laini ya 12 V, utalazimika kuweka probu kwenye 10x (inayogawanya volti kwa 10). Hapo kipimo kidogo kinachotosha 12 V ni ±25 V kilichogawanywa ngazi 256, yaani karibu 0.2 V kwa kila ngazi. Mawimbi yako hayataonekana kabisa, na unaweza kudhani kapasita ni nzima kumbe imechoka. PicoScope ina AC, na vipimo vyake vinaanzia ±50 mV hadi ±20 V.

Udhaifu wa 2204A ni kumbukumbu: sampuli 8,000 tu. Kwa kasi yake ya juu, milioni 100, hiyo ni mikrosekunde 80, wakati herufi moja ya mawasiliano ya serial ya biti 115200 kwa sekunde inachukua karibu 87. Shusha hadi sampuli milioni 1 kwa sekunde, utapata herufi zipatazo 90 kwa mkupuo.

Ukichukua Hantek, ongeza kichunguzi cha mawimbi ya kidijitali cha chaneli 8, zile za 24 MHz za bei ya chini sana zinazofanya kazi na programu ya PulseView. Kinaona 0 na 1 tu, lakini kwa I2C na SPI (njia ambazo chipu huwasiliana) kinatosha. Usikipe zaidi ya 5 V.

Analog Discovery 2, kifaa kingine cha kuchomeka kwenye kompyuta, ni nzuri mno kwa mwanafunzi: biti 14, jenereta ya mawimbi, laini 16 za kidijitali. Ila kwa bei yake unapata oskiloskopu kamili yenye kioo chake, na kwa meza ya matengenezo hiyo ndiyo ya kununua.

Kabla ya kulipa, gusisha probu kwenye kitoleo cha mawimbi ya mraba ya 1 kHz. Mraba ukiwa na kona za mviringo au zilizochongoka, zungusha skrubu ndogo ya probu ikiwa kwenye 10x. Isiponyooka, badilisha probu.

Sasa la hatari. Kibanio cha ardhi cha probu kimeungana na ardhi ya USB, na kupitia chaja ya pini tatu kinafika kwenye ardhi ya nyumba. Ukikibana upande wa umeme mkubwa wa pawa saplai ya TV, ambako kapasita kuu ina karibu 325 V, unaua oskiloskopu na kompyuta pamoja. Kuchomoa chaja hakukuokoi: laptop nzima inakuwa na umeme, na mkono wako uko juu ya kibodi. Vitenganishi vya USB (vinavyokata muunganiko wa umeme na kompyuta) vyenye chipu ya ADuM3160 navyo havifai kwa Hantek, kwa sababu vinapitisha 12 Mb/s tu. Kwa upande huo wa umeme mkubwa tumia probu ya tofauti (differential probe) iliyoandikwa volti zinazozidi unazopima, au usipime kabisa.