Dawa za minyoo ya mbwa na paka madukani Arusha: ya maji inaishinda ya vidonge

Ingia duka la dawa za mifugo Arusha mjini, liwe karibu na Soko Kuu au huko Mbauda, useme unataka dawa ya minyoo ya mbwa. Swali utakaloulizwa mara nyingi ni moja tu: "Mkubwa au mdogo?" Ukijibu mkubwa, unakatiwa kidonge kimoja. Ukijibu mdogo, nusu. Dawa yenyewe haina tatizo. Inaharibiwa na hiyo nusu ya kukadiria kwa macho.

Tunazipitia mbili: kidonge cha mchanganyiko wa prazikwanteli, piranteli na febanteli, na dawa ya maji ya watoto wa mbwa yenye piranteli na febanteli. Majina ya kibiashara ni mengi, kwa hiyo soma viambato. Picha ya mbwa kwenye boksi haikuambii kitu.

Anza na ya maji. Ndiyo ya kununua kwanza, ingawa wauzaji wengi hawakutajii mpaka uiulizie. Mnyoo mwenyewe, Toxocara canis (mnyoo mviringo wa mbwa), makao yake makuu ni tumbo la kijibwa, si la mbwa mzima. Lava (minyoo michanga) waliolala kwenye nyama ya mama huamka mimba inapokaribia kukomaa, wakapenya kondo la nyuma na kuwaingia watoto kabla hawajazaliwa. Wengine hufuata kwenye maziwa. Hivyo kijibwa ambacho hakijakanyaga udongo kinaweza kuanza kutoa mayai kwenye kinyesi kikiwa na wiki tatu hivi, na mnyoo jike mmoja hutaga mayai kwa makumi ya maelfu kila siku. Sasa angalia desturi ya mjini: wengi husubiri miezi mitatu, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ndipo wakumbuke minyoo. Kufikia hapo ua umeshapandwa mayai kwa zaidi ya miezi miwili.

Ratiba inayofaa ni wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi mitatu maisha yote. Mama anayenyonyesha apewe dawa siku zilezile za watoto wake, maana anawalamba, anameza uchafu wao, na minyoo inamrudia.

Kipimo cha dawa ya maji yenye miligramu 15 za febanteli na miligramu 14.4 za piranteli embonati kwa kila mililita ni rahisi: mililita 1 kwa kilo 1. Kijibwa cha gramu 800 kinapata mililita 0.8, na kwa hesabu hiyo kifuniko cha chupa au kijiko cha chai havifai. Nunua sirinji ya mililita 2, utupe sindano. Uzito pima kwa mizani ya jikoni, au mtie kijibwa kwenye kikapu ukining'inize kwenye mizani ya ndoano. Halafu tikisa chupa, na utikise tena kabla ya kila kijibwa. Dawa hii ni unga unaoelea kwenye maji na hutuama chini haraka. Usipotikisa, wa kwanza wanakunywa maji ya rangi na wa mwisho anabeba dozi ya wenzake. Pitisha sirinji pembeni mwa mdomo, nyuma ya jino chonge, usukume polepole kichwa kikiwa sawa. Ukikiinua juu kama unayemnywesha kuku, dawa inaweza kupita njia ya hewa.

Kijibwa chenye tumbo la puto, manyoya yaliyochakaa na kikohozi kiende kwa daktari kwanza. Minyoo mingi ikilegea kwa mpigo inaweza kuziba utumbo.

Nyota nne na nusu. Nusu tunaikata kwa sababu piranteli hufanya kazi ndani ya utumbo tu: haiwafikii lava waliojificha kwenye nyama ya mama, na ndiyo maana dozi moja haitoshi.

Kidonge tunakipa nyota tatu na nusu, na kosa si lake. Kilicho cha kawaida kina miligramu 50 za prazikwanteli, 144 za piranteli embonati na 150 za febanteli, na kinatosha kilo 10. Mbwa wa kienyeji wa kilo 20 anahitaji viwili. Ukimpa kimoja umempa nusu dozi. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha shuka upande peke yako, tofauti ndiyo uzito wake. Faida ya kidonge ni prazikwanteli, inayoua tegu, ambao ile ya maji haiwagusi.

Ukikatiwa kidonge kimoja kutoka kwenye ubao wake, tarehe ya mwisho wa matumizi hubaki dukani na ule upande uliochapishwa. Omba uoneshwe boksi: tarehe, viambato, na kama dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Muuzaji anayekataa kutoa boksi, mwache na mali yake.

Makosa mawili tunayakuta mara nyingi kwenye kidonge hiki. La kwanza ni kukichanganya na piperazini "ili kiwe kikali". Piranteli humkakamaza mnyoo na piperazini humlegeza. Ukizitoa pamoja zinavutana kamba, na anayesalimika ni mnyoo. La pili ni kumpa paka nusu ya kidonge cha mbwa. Paka wa kilo 4 anahitaji miligramu 230 za piranteli embonati, na hiyo nusu ina 72 tu. Tafuta kidonge cha paka. Watoto wa paka hawazaliwi na minyoo hii, wanaipata kwenye maziwa, kwa hiyo waanze wiki ya 3. Mbwa mwenye mimba asipewe febanteli bila daktari.

Piperazini peke yake, ile ya unga inayouzwa kwa kuku, ni nyota mbili: huondoa kiasi cha minyoo iliyokomaa na kuishia hapo. Levamisoli ya mbuzi, sifuri. Kwa mbwa, dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana mno, na dalili za sumu ni mate kuchuruzika, kutapika na kutetemeka. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe nayo iache kwa ng'ombe. Mbwa wa jamii ya koli na machotara wao inaweza kuwaua.

Kuna kazi moja ambayo hakuna chupa inayoifanya. Mayai yaliyotoka leo hayaambukizi. Yanahitaji wiki mbili au zaidi udongoni, kisha hudumu miaka. Kinyesi kikizolewa kila siku na kutupwa chooni, mnyororo umekatika. Klorini haiyaui mayai, maji yanayochemka yanayaua, kwa hiyo sakafu ya banda mwagia birika. Na lile rundo la mchanga wa ujenzi lililokaa uani tangu mwaka jana, lifunike kwa turubai: paka huligeuza choo usiku, watoto huchezea mchana.

Mtoto akiyameza mayai, lava huzurura kwenye ini, mapafu, wakati mwingine jicho, na mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Kwa binadamu mnyoo huyu hakomai wala hatagi, hivyo kupima choo hakutamwonyesha hata ukirudia mara kumi. Kinachotafutwa ni kingamwili kwenye damu. Albendazoli ya siku moja wanayopewa wanafunzi shuleni inalenga minyoo ya tumboni, nayo haihesabiki kama tiba ya lava hawa. Mtoto akianza makengeza ghafla, au jicho moja likififia, apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Kwa walio Moshi, hospitali ya KCMC ina idara ya macho.