Dawa ya viroboto kwa watoto wa paka: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujaenda duka la dawa za mifugo, mweke kitoto cha paka kwenye mizani ya jikoni. Dawa nyingi zina masharti mawili, umri na uzito, na wanunuzi wengi husoma la kwanza tu. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi, kisha huongeza karibu gramu 100 kila wiki. Vidonge vya nitenpiramu, vinavyojulikana zaidi kama Capstar, vinaruhusiwa kuanzia wiki 4, lakini pia vinamtaka awe na gramu 900 au zaidi, na uzito huo kwa kawaida haufikii kabla ya wiki ya 8. Mwenye minyoo na utapiamlo huchelewa zaidi.

Kumwacha na viroboto nako si salama. Kitoto cha gramu 200 kina mililita 12 hadi 14 tu za damu mwilini, na viroboto majike 70 hivi hunyonya kama mililita 1 kwa siku. Ukiona fizi zimepauka, amelegea na mwili wake ni wa baridi, hapo hakuna cha kununua: mfunike apate joto, umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kwa aliye chini ya wiki 8, tunazipanga hivi.

1. Kitana cha viroboto

Nunua cha chuma, meno yake yabanane kiasi cha 12 kwa sentimita. Cha plastiki hupinda na viroboto hupenya. Kitana cha chawa cha watoto kinafaa kabisa, mradi kiwe cha chuma. Hiki ndicho kifaa pekee kisicho na umri wa chini. Weka pembeni bakuli la maji yenye matone ya sabuni ya vyombo, chana kuanzia shingoni na chini ya kidevu, kisha mgongoni hadi shina la mkia, ukichovya kitana kila baada ya mchano. Sabuni ni muhimu, maana kwenye maji matupu kiroboto huelea na kuruka tena. Vumbi jeusi linalobaki kwenye kitana lipake pamba yenye maji: likigeuka wekundu wa kutu, ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyokwisha kusagwa.

Rudia asubuhi na jioni. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu watu hukimbilia chupa za dawa.

2. Sabuni laini ya vyombo

Itumie viroboto wakiwa wengi kuliko kitana kinavyoweza kuwaondoa. Maji yawe vuguvugu, nyuzi 37 au 38. Kiwiko chako kisihisi moto wala baridi. Anza kwa kumzungushia povu shingoni, vinginevyo viroboto vyote hukimbilia kichwani kwenye macho na masikio. Uso usiuloweshe, uchane. Dakika 5 zinatosha.

Hatari hapa ni baridi. Kitoto cha chini ya wiki 4 hakiwezi kujitunzia joto, kwa hiyo kausha kwa taulo papo hapo, kisha kiweke karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Usikiogeshe kikiwa tayari na ubaridi, na usikinyweshe maziwa kabla hakijapata joto. Shampuu ya viroboto ya mbwa usiiguse.

3. Fipronili ya kupuliza, kwa ushauri wa daktari tu

Lebo ya Frontline ya kupuliza, ambayo ni fipronili, nchini Uingereza inaruhusu tangu siku 2. Ya Marekani inataka wiki 8. Fuata lebo ya chupa uliyoishika. Kipimo ni mililita 3 hadi 6 kwa kilo. Mtego uko kwenye chupa: ya mililita 100 hutoa mililita 0.5 kwa kila mbonyezo, lakini ya mililita 250 hutoa 1.5. Kitoto cha gramu 300 kinahitaji mibonyezo 2 hadi 3 ya chupa ndogo; ukihesabu hivyo hivyo kwa chupa kubwa umemzidishia mara tatu. Pulizia kwenye glovu, halafu mpake, mahali penye hewa na mbali na moto, kwani ina spiriti.

4. Matone ya shingoni

Kwa wengi walio chini ya wiki 8, haya mnunulie mama. Selamektini, kama vile Stronghold au Revolution, inafaa kwa paka anayenyonyesha; wanawe watengwe naye mpaka matone yakauke. Kwa watoto wenyewe lebo husema wiki 6 au 8, kutegemea nchi. Usigawe pipeti (kichupa cha dozi moja) ya paka mkubwa kwa kukadiria.

Soma jina lote. Advantage ya paka ni imidaklopridi. Advantix ni ya mbwa na ina permethrini asilimia 50, sumu kwa paka.

Usivyonunua

Chochote chenye neno "permethrin". Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja, na tone la dawa ya mbwa humtia mtetemeko, degedege na homa kali. Dawa za josho za ng'ombe zenye amitrazi au sipermethrini haziwi salama kwa kuongezewa maji. Unga wa kabarili huishia tumboni, kwa kuwa paka hujilamba. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na akiyalamba yanaweza kuingia mapafuni. Mikanda ya shingoni ya Seresto haifai kabla ya wiki 10.

Kitoto kikishapakwa permethrini kimakosa na kuanza kutetemeka, kioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji ya moto huongeza dawa inayopenya ngozini. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Mkaushe, na uende kwa daktari ukiwa na pakiti mkononi, hata kama mtetemeko umepungua.

Matandiko yafue kwa maji ya nyuzi 60 kila baada ya siku mbili tatu na uyaanike juani, maana mayai ya viroboto hudondoka humo, hayabaki mwilini.