TAHADHARI: Anayetuuzia mawakala wadogo nafasi ya ndege kwa nusu bei

Wakuu, naandika hili kwa aibu, maana mimi si mgeni wa kazi hii. Huu ni mwaka wa tisa niko kwenye uwakala wa mizigo, ya ndege na ya meli, na kila siku nawaonya wateja wasimwamini mtu kwa kuona picha ya ndege kwenye WhatsApp. Safari hii nimelizwa mimi.

Huyu jamaa hana shida na wenye mizigo. Anatutafuta sisi mawakala wadogo, tusio na mkataba na shirika la ndege, tunaonunua nafasi kwa wakubwa kisha tunauza kilo kwa kilo. Anajua vizuri siku zetu ngumu: mzigo umejaa ofisini, mteja anapiga simu kila saa, na mkubwa wako kashakwambia nafasi hakuna mpaka wiki ijayo. Hapo ndipo anapobisha hodi. "Ndugu, ndege ya Ijumaa ina nafasi ya tani moja, nikukatie ngapi?" Bei anayotaja ni nusu ya ile ninayonunulia mimi.

Nilianza na kilo 40 za kujaribu. Zikafika, tena mapema. Nikampa 90, zikafika. Sasa nimeelewa kwamba alikuwa akizipeleka kwa wakala wa kawaida kwa bei ya kawaida, na hasara anaibeba mwenyewe. Ndiyo chambo. Mara ya tatu nikamkabidhi kilo 640 za wateja wanne.

Jioni ile ile akanitumia AWB, yaani hati ya kusafirishia mzigo wa ndege, safi kabisa, ina muhuri na saini. Nikawarushia wateja wote wanne. Kuisoma sikuisoma. Akanipa na tovuti ya kufuatilia mzigo, ambayo kumbe ni yake mwenyewe, nayo kila asubuhi inasema mzigo uko njiani. Siku ya nne nikaingia tovuti ya shirika lenyewe la ndege: namba haipo. Nikamuuliza, akajibu mfumo wao unachelewa kusoma. Ndipo nikaitazama ile namba kwa macho ya kazi, na nikatamani kujipiga kofi. Iliishia na 9.

Kwa wasiojua: namba ya AWB ina tarakimu 11. Tatu za mwanzo ni za shirika la ndege, nane zinazofuata ni za mzigo. Katika hizo nane, chukua saba za kwanza ugawe kwa 7. Kinachobaki ndiyo tarakimu ya nane. Mfano, 1234567 ukigawa kwa 7 inabaki 5, kwa hiyo namba kamili itakuwa 12345675. Ukigawa kwa 7 hakiwezi kubaki zaidi ya 6. Basi AWB inayoishia na 7, 8 au 9 ni ya kutunga, huna haja hata ya kupiga hesabu. Lakini ikikubali hesabu usishangilie, maana anaweza kukupa namba halali ya mzigo wa mtu mwingine. Itafute kwenye tovuti ya shirika, kisha linganisha inakotoka na inakokwenda, idadi ya vipande, na kilo. Yangu ingeanguka hapo hapo mwanzo.

Baada ya hapo yakaja malipo. Mzigo umezuiliwa kwenye uwanja wa kupitia, inatakiwa bima "itakayorudishwa" mkiupokea. Nikalipa, ndiyo, nikalipa, kwa sababu unapokuwa na wateja wanne shingoni akili inakimbia. Siku mbili baadaye ikatakiwa cheti cha usalama. Nilipogoma, simu ikazimwa.

Nilipoulizia kwa wenzangu nikakuta wawili yamewapata kwa sura nyingine. Mizigo yao ilifika kweli, lakini ikashikwa. Aliwapa bei kwa uzito wa mizani, kule mwisho akadai kwa ujazo. Kudai kwa ujazo si wizi, mizigo ya ndege ndivyo ilivyo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 6000, na kilicho kikubwa kati ya hicho na uzito wa mizani ndicho kinacholipiwa. Katoni ya 60 kwa 50 kwa 40 ni kilo 20 hata kama ndani mna 12. Wizi ni kwamba katoni hiyo hiyo ilipofika ilikuwa imekua, sasa ni 70 kwa 60 kwa 50, yaani kilo 35, na hutoi mzigo mpaka ulipe. Piga picha ya kila katoni ikiwa na futi ya kupimia juu yake kabla haijatoka mikononi mwako.

Nasikia sasa anauza na nafasi za kuchangia kontena. Huko, namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na herufi ya nne huwa ni U. Wakala mkweli anaweza kukunyima BL ya mwenye meli, yaani hati ya mzigo wa meli, maana ina siri zake za biashara, na hilo silioni baya. Ila namba ya kontena na jina la kampuni ya meli hana sababu ya kukuficha, nawe ukaitafute mwenyewe kwao.

Jina lake siliweki kwa kuwa suala liko polisi, na majina anabadilisha. Wateja wawili nimeshawalipa, wawili tumeandikishana. Kama kuna AWB uliyopewa wiki hizi na mtu wa nusu bei, itazame tarakimu ya mwisho sasa hivi. Ukiikuta 7, 8 au 9, nitumie ujumbe tuunganishe ushahidi, na mzigo wako kaufuate ghalani kwake leo kabla hajauhamisha.