Gari la saluni la starehe Nairobi: lipi ununue sasa, lipi ulisubiri

Kila Toyota, Lexus au Mercedes wanapofunua saluni mpya, picha zake husambaa kwenye simu za Nairobi siku hiyo hiyo, na swali huwa moja: nichukue iliyopo au ningoje inayokuja? Kwa anayeagiza gari lililotumika Japani, maonyesho ya Shanghai na Tokyo yanamhusu kidogo sana. Kinachomhusu ni bandari ya Mombasa. KEBS, shirika la viwango la Kenya, haliruhusu gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hiyo mwaka 2026 yanaingia ya 2019 kuja juu, na 2027 yataingia ya 2020 kuja juu. Toleo jipya kwako ni lile alilonunua Mjapani miaka sita au saba iliyopita na sasa analipeleka mnadani. Hilo halina uvumi ndani yake. Tunajua lina injini gani, linachoka wapi, na ni mwaka gani mlango wake utafungwa.

Kabla ya kupanga orodha, niseme starehe ninayoipima ni ya hapa. Gari linaweza kuteleza vizuri kwenye Expressway kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27 za lami safi, halafu likakutoa jasho kwenye matuta ya mtaa unaoishi. Rimu kubwa zenye tairi nyembamba zinapendeza kwenye picha, lakini kila shimo utalisikia kwenye uti wa mgongo, na tairi ikipigwa kwenye ukingo hupasuka upesi. Saluni iliyolala chini sana nayo utaisugua tumbo. Kisha kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, hupungukiwa nguvu hapa kuliko ilivyoandikwa kwenye makaratasi yake. Gari ulilolisifu ukiwa Mombasa linaweza kuonekana zito kwako ukilipandisha Limuru. Injini ya turbo haiumii sana hivyo, na haibridi, yaani ya petroli na umeme kwa pamoja, hupata msaada wa mota ya umeme unapokanyaga mafuta.

Ya kwanza: Toyota Crown ya 2018 hadi 2022

Hii ndiyo ninayompendekezea mtu yeyote anayetaka utulivu wa gari la mkubwa bila gharama za gereji za kumnyima usingizi. Kizazi hiki kilitoka Juni 2018. Toyota waliacha kugawa jina kati ya Royal, Athlete na Majesta, wakaweka umbo moja lenye injini tatu: lita 2.5 ya haibridi, lita 2.0 ya turbo, na lita 3.5 ya haibridi. Gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma, usukani wake ni mtulivu, na upana uliwekwa milimita 1,800 kwa sababu ya vichochoro vya Japani. Upana huo ni neema katika maegesho ya katikati ya jiji na kwenye mageti ya mitaa yetu.

Chukua ya 2.5 haibridi. Kwenye foleni ya Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni injini huzima mara kwa mara na gari hujongea kwa umeme, kimya kabisa. Hapo ndipo unaelewa kwa nini watu hulipia saluni ya aina hii. Injini yenyewe ni ya familia ile ile iliyoko kwenye Camry na RAV4 za haibridi, kwa hiyo fundi hatakuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Ya turbo ina nguvu farasi 245 na inapanda milima yetu kwa furaha, lakini kwenye msongamano inakunywa mafuta. Ya 3.5 iache, na sababu nitaieleza kwenye ushuru.

Kuhusu daraja, yaani kiwango cha vifaa vyake, G ndiyo ya starehe. RS imevalishwa kispoti, na wengi huikimbilia kwa macho. Kama wewe ndiye utakayekaa nyuma huku dereva akiendesha, tafuta G Executive, ingawa ujue paa la Crown hii linashuka kwa nyuma na mtu mrefu hatafurahi sana. Zilizotoka baada ya marekebisho ya Novemba 2020 zina skrini moja ya inchi 12.3 badala ya zile mbili za awali, na ndani panaonekana pa kisasa zaidi. Ukiweza kuongeza kidogo, ongeza kwa ajili ya hiyo.

Kasoro zake ni za kweli. Crown hii iliundwa kwa ajili ya Japani, kwa hiyo redio na ramani zinazungumza Kijapani, na kuzibadilisha kunahitaji fundi anayejua kazi hiyo. Spea za injini utazipata, ila taa za mbele, bampa na vioo vya pembeni ni ghali na huenda ukaagiza na kungoja. Kabla ya kununua, piga simu kwa wauza spea wa Kirinyaga Road au Industrial Area uulize bei ya taa moja ya mbele ya modeli hiyo hiyo. Jibu lake litakusaidia pia kuamua aina ya bima.

Ya pili: Lexus ES 300h, 2018 kuja juu

Kwa anayeendeshwa, hii ingekuwa ya kwanza. Nafasi ya miguu nyuma ni kubwa kuliko ya Crown, viti ni laini, na kelele za barabarani zimezibwa kwa umakini. Ilianza kuuzwa Japani Oktoba 2018; kabla ya hapo Wajapani waliijua kama Toyota Windom, iliyokoma 2006. Za Japani zote ni haibridi ya lita 2.5, na mashine yake ni ndugu ya ile ya Camry, jambo linalomtuliza mwenye kulipa fundi.

Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili. Upana wake ni milimita 1,865, na mtaani utausikia. Pili ni beji: mwenye yadi anakutoza jina la Lexus wakati wa kununua, na mwenye spea anakutoza tena kwa kifaa ambacho wakati mwingine kimetoka kwenye rafu moja na cha Toyota. Ukiweza, nenda dukani na namba ya kifaa, usiende na jina la gari.

Ya tatu: Camry haibridi, 2017 hadi 2023

Wapo watakaosema Camry si gari la kifahari. Sawa. Lakini mwenye bajeti ya kubana anayetaka gari pana, tulivu, lisilomaliza mafuta na ambalo kila fundi wa haibridi mjini anaweza kulifungua, hapati thamani zaidi ya hii. Tafuta G yenye viti vya ngozi na uache WS yenye sura ya kispoti. Modeli hii iliacha kuuzwa Japani mwishoni mwa 2023, kwa hiyo minada bado ina nyingi na utachagua kwa nafasi.

Mark X, kwa heshima yake

Siwezi kuandika kuhusu saluni Nairobi nikairuka Mark X. Injini ya V6 ya lita 2.5, magurudumu ya nyuma, na kiti cha dereva kinachokukumbatia. Utengenezaji wake ulikoma Desemba 2019, kwa hiyo mwisho wa 2026 ndio karibu mwisho wa kuiagiza. Baada ya hapo tutauziana zile zilizo tayari nchini. Naiweka ya nne kwa sababu inakula mafuta kwenye foleni, na injini yake ya 2.5 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hali inayofanya masizi yajikusanye kwenye vali. Nyingi za hapa pia zimekimbizwa bila huruma. Ukiipata ambayo haijaguswa ekzosi, springi wala kompyuta, na mwenyewe ana rekodi za oili, chukua.

Wazungu

Mercedes E-Class ya kizazi cha 2016 hadi 2023 inakaa barabarani kwa utulivu ambao hata Crown haiufikii kwenye mwendo wa Naivasha. Nakiri hilo bila shida. Lakini inunue tu kama una fundi wa Mercedes mwenye kompyuta ya uchunguzi kabla hujawa na Mercedes yenyewe, na kama umetenga pesa ya matengenezo kando. Yenye shokabu za hewa iogope kuliko ya springi za kawaida. Dizeli za Ulaya zina kichujio cha moshi ambacho hupenda safari ndefu. Ukikaa Kilimani na kazi iko Upper Hill, kitaziba.

BMW 5 Series ya 2017 hadi 2023 ni gari la dereva. Nyingi huja na tairi za kukimbia bila upepo, ambazo kuta zake ni ngumu, na kwa lami yetu hilo linakula starehe. S-Class na Lexus LS ziache kwa wenye karakana zao.

Ushuru, ambao ndio bei yenyewe

Wengi hukadiria kwa bei ya mnadani na kujuta bandarini. Kwa viwango vya sasa, injini iliyozidi cc 1,500 hulipa ushuru wa forodha asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 25, VAT asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2. Ushuru wa bidhaa unahesabiwa juu ya thamani pamoja na forodha, na VAT juu ya vyote hivyo. Chukua gari ambalo KRA, mamlaka ya mapato, imelithamini shilingi milioni 2: forodha 700,000, ushuru wa bidhaa 675,000, VAT 540,000, ada 50,000, reli 40,000. Jumla ni shilingi 2,005,000. Kwa ufupi, serikali inalinunua gari hilo mara ya pili. Injini ya petroli iliyozidi cc 3,000 ushuru wake wa bidhaa unapanda hadi asilimia 35, na kwa thamani ile ile utaongeza 313,200. Crown ya 3.5 nimeiondoa kwa kuhofia kiwango hicho.

Kumbuka pia KRA haiangalii risiti yako ya mnadani. Inatumia orodha yake ya bei na kuipunguza kadiri gari linavyozeeka. Anayeagiza gari linalokaribia kutimiza miaka minane analipa ushuru mdogo zaidi wa modeli hiyo. Ila meli ikichelewa ukavuka mwaka, gari limekataliwa. Usiagize la ukingoni mwezi wa Novemba.

Na hizo zinazokuja?

Crown Sedan mpya imekwisha kutoka, Novemba 2023. Ina urefu wa milimita 5,030 na nafasi ya nyuma ya kumtosha waziri. Japani ilianza kwa yen milioni 7.3, na ukiweka juu yake ushuru wa gari ambalo bado ni changa, utaona kwa nini nasema isubiri hadi karibu 2030. Kuna hatari moja kubwa: inauzwa kwa aina mbili, haibridi na ya haidrojeni. Ya haidrojeni haina pa kujaza Nairobi. Vivyo hivyo Toyota Mirai, ambayo mnadani bei yake huvutia mno kwa gari zuri namna ile. Mtu akikuuzia hadithi kwamba itabadilishwa itumie petroli, ondoka.

Lexus ES mpya ilionyeshwa Shanghai Aprili 2025, kubwa kuliko iliyotangulia, na safari hii kuna ya haibridi na za umeme mtupu. Nadhani ya haibridi ndiyo itakayotufaa, na itatufikia kwa wingi mwanzoni mwa muongo ujao. Ya umeme naikaribisha kwa moyo wote kwa mwenye nyumba yake na mita yake, maana umeme wetu mwingi unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo. Anayeishi ghorofa ya tano bila soketi kwenye maegesho atateseka.

Juu zaidi ya hapo mambo yanabadilika umbo. Kwenye maonyesho ya Tokyo ya 2025, Lexus waliweka jina la LS, la saluni yao kubwa, kwenye gari la mfano la aina ya van lenye magurudumu sita. Nahisi saluni kubwa za Kijapani zitaendelea kupungua, kwa hiyo nzuri zilizotengenezwa kati ya 2018 na 2023 zitashika bei hapa kuliko watu wanavyodhani. Hiyo ni sababu nyingine ya kutongoja.

Kabla hujatuma pesa

Dai karatasi ya mnada ya asili na uilinganishe na namba ya chesisi. Daraja la mnada la 4 au 4.5 linatosha, R maana yake lilishagongwa na kutengenezwa. Kilomita zilizo kwenye dashibodi zilingane na za karatasi hiyo. Kwa haibridi, mwambie fundi asome hali ya betri seli kwa seli, na baada ya kununua safisha kichujio cha hewa ya betri kilicho karibu na kiti cha nyuma, kwa sababu vumbi letu hukiziba na betri hupata joto kupita kiasi. Ukinunua yadi ya Ngong Road au Kiambu Road, lijaribu gari kwenye matuta na mashimo kwanza, redio imezimwa, madirisha yamefungwa. Sauti ya bushi zilizokufa haijifichi hapo. Na logbuku ihamishwe kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, siku ile ile unayomaliza kulipa.