Mechi za nyumbani za timu yetu Busia: lipa hiyo 2,000, ila saa jamani!

Kama uko Busia hii ya upande wa Uganda na bado unajiuliza kama mechi za ligi ya mkoa zinafaa kulipia kiingilio, mimi nasema lipa, na ukiwa na ya ziada nunua na jezi kabisa.

Getini ni sh 2,000, watoto wanaingia bure, na ndugu zetu wa upande wa Kenya wanapokelewa hata na pesa za kwao. Jukwaa hakuna. Ni kamba tu imezungushwa, benchi chache za mbao chini ya mwembe, na bodaboda zimepaki karibu na mstari mpaka mtu akitaka kurusha mpira lazima mwenye piki asogee kwanza. Lakini huo ukaribu ndio utamu wenyewe bwana, unamsikia golikipa anavyowapanga mabeki wake, "toka toka! namba nne shika mtu wako!", Kisamia, Kiganda na Kiswahili vyote kwa pumzi moja na hakuna anayeuliza amesema nini.

Na mpira upo, msidharau. Kuna winga wetu wa kulia, kijana ambaye asubuhi anabeba magunia ya mahindi pale mpakani na jioni yuko mazoezini. Upande wake kiwanja kina kabonde, mpira ukidunda pale unakata kulia ghafla. Mechi iliyopita pasi ndefu ikaja, beki wa wageni akaufuata mpira mbio, yeye akasimama tu akausubiri mahali alipojua utatokea, beki akapita na hewa yake, krosi, kichwa, goli!! Watu waliingia uwanjani mpaka refa akaanza kuomba kwa mikono miwili.

Sasa shida kubwa ni saa. Tangazo linasema saa kumi, mechi inaanza saa kumi na nusu, siku nyingine zaidi, mara wageni hawajafika, mara jezi zimegongana rangi. Wenye timu wafikirie kitu kimoja, Jumamosi mashabiki wao ndio haohao wa Arsenal na Man U. Kuanzia Agosti mpaka karibu Oktoba iishe, zile mechi za Uingereza za saa tisa mchana kwao huku kwetu ni saa kumi na moja, kwa hiyo hapo mtagombania watu tu hata mkifanya nini. Lakini Waingereza wakisharudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba mechi hizo zinaanza saa kumi na mbili, maana yake nyie mkianza saa kumi kamili mtu anaona dakika zenu zote 90 halafu anatembea hadi kibanda cha kuonyesha mpira anakuta timu ndio zinaingia. Mkichelewa nusu saa mnamlazimisha achague, na nimewaona wakiondoka dakika ya 60, wengine hawakurudi tena wiki iliyofuata. Tena taa hatuna, saa moja inakaribia golikipa hauoni mpira vizuri, huo sio mpira ni bahati nasibu.

Choo ni kimoja tu na hakina mlango wa maana, akina mama wanaopenda timu hii ni wengi, hilo lirekebishwe haraka. Rolex ya getini, ile chapati ya kukunjwa na mayai, iko vizuri, moto moto, nyanya za kutosha.

Nasema haya yote kwa sababu nataka ifike mbali. Tajiri hatuna, kiingilio ndio nauli ya kwenda kucheza Jinja, na kutoka ligi ya mkoa unapanda Big League, yaani daraja la pili, kisha Ligi Kuu, na siku moja kwenye Kombe la Uganda tunaweza kupangwa na vigogo wa Kampala kama KCCA au Villa waje hapahapa kwenye kabonde ketu.

Nawapa nne kwa tano. Ukija fika mapema ukae upande wa mwembe, ule mwingine jua linakupiga machoni mpaka mwisho, na kama mvua imenyesha asubuhi vaa gambuti.