Swichi ya Feni ya Rejeta: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe Dukani

Anayefunga feni ya umeme kwenye rejeta huichagua feni kwa makini, akapima upana wake na kuuliza nguvu zake, kisha swichi ya kuiwashia akachukua yoyote iliyo karibu. Feni ya gari dogo hula takriban ampea 10 hadi 25 ikiwa imeshika kasi, na katika ile nukta ya kuanza kuzunguka huvuta mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Mnunuzi basi ajiulize mambo mawili: ni kifaa gani kitaubeba umeme huo kila siku bila kuyeyuka, na ni nani atakayekumbuka kuiwasha feni wakati dereva amekwama kwenye foleni na macho yake yako barabarani.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba swichi mpya inahitajika kweli. Ikiwa gari lilikuja na feni yake ya umeme nayo imeacha kufanya kazi, anza na fyuzi, rilei (swichi inayoamriwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), sensa ya joto na mota ya feni yenyewe, kwa maana kuongeza swichi juu ya mota iliyokufa hakutaifufua. Katika magari ambayo feni huongozwa na kompyuta ya injini, kukata nyaya za asili kunaweza kuwasha taa ya hitilafu na kuvuruga kiyoyozi.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, swichi ya joto ya kukaza kwa nati pamoja na rilei, na kando yake swichi ndogo ya mkono kwenye dashibodi. Swichi ya joto hukaa ndani ya maji yenyewe, kwenye rejeta au kwenye bomba lake, na hubandikwa namba mbili: iliyoandikwa 95–90 huwasha feni maji yakifika nyuzi 95 za Selsiasi na kuizima yakishuka hadi 90. Chagua namba hizo kwa kuitazama thamostati ya injini, yaani vali inayofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenye rejeta. Thamostati inayofunguka kwenye nyuzi 88 haiendani na swichi inayozima kwenye 82, kwani maji hayatashuka kufikia hapo na feni haitapumzika kamwe. Angalia pia kama swichi ina ncha moja au mbili. Yenye ncha moja hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, kwenye mistari yake ya skrubu, hivyo ukiizungushia utepe mwingi wa kuzuia uvujaji unaweza kuikatia ethi, na kwenye tangi la plastiki haifai kabisa.

Uzuri wa mpango huu umo katika rilei. Pini namba 30 hupokea umeme mzito kutoka betri kupitia fyuzi, nayo 87 huupeleka kwenye feni. Pini 86 hupewa umeme mdogo unaopatikana ufunguo ukiwa umewashwa, na 85 hushuka ethi kupitia swichi ya joto. Swichi ya dashibodi huunganishwa sambamba na hiyo ya joto, ili yoyote kati ya hizo mbili iweze kuiita feni. Koili, yaani sumaku ya waya iliyo ndani ya rilei ya kawaida ya volti 12, huvuta chini ya robo ya ampea, kwa hiyo waya unaoingia kwa dereva hauna mzigo wa kutisha, na swichi ya joto ikifa safarini, dereva anabonyeza kitufe na kufika salama. Sijaona mpango mwingine unaosamehe makosa kama huu.

Nafasi ya pili ni ya kidhibiti cha kidijitali chenye sensa inayozama majini. Kinakuruhusu kupanga joto unalotaka, na vingine huongeza kasi ya feni polepole badala ya kuishtua. Ni kizuri mno kwa injini iliyofanyiwa mabadiliko, lakini kikiharibika hakitengenezeki kando ya barabara, hivyo usikinunue kisichokuwa na njia ya kuwasha kwa mkono.

Rilei na swichi ya mkono peke yake naiweka ya tatu. Kiumeme haina kasoro, ila kumbukumbu ya dereva ndiyo thamostati yake. Ukiichukua, chagua swichi yenye taa. Vidhibiti vyenye kijiti cha kuchomeka kati ya mapezi ya rejeta vinafuata nyuma, kwa kuwa hupima joto la mapezi wala si la maji, na kijiti kikilegea kwa mtikisiko feni huchelewa kuwaka.

Ya mwisho ni swichi ya mkono inayobeba umeme wote wa feni bila rilei, na hii nasema iachwe dukani hata kama imeandikwa ampea 20. Mara nyingi ampea hizo ni za umeme wa majumbani, ambao hugeuza mwelekeo na hivyo kuzima cheche wenyewe. Umeme wa betri hauna pumziko hilo, na mota ya feni huzidisha cheche kila inapozimwa. Niliwahi kufungua dashibodi ya gari ambalo mwenyewe alilalamikia harufu ya plastiki. Ncha ya swichi ilikuwa imegeuka rangi ya buluu, ganda lake limejikunja kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto, na feni ilikuwa ikizunguka kivivu. Tena bila rilei umeme wote hupita kwenye waya mrefu wa kwenda dashibodi na kurudi: waya wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 20, hupoteza zaidi ya volti 1 njiani. Ukiwa wa milimita 4 za mraba hasara hushuka hadi chini ya nusu volti.

Kwenye rilei, ganda lililoandikwa 40/30 lina pini tano: ampea 40 ni za pini 87, na 30 ni za 87a, ambayo hupata umeme rilei ikiwa imezimwa. Feni ikiwekwa kwenye 87a itazunguka swichi ikiwa imezimwa, kosa linalowapata wengi, hivyo pini nne zinatosha. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, kubwa kiasi cha kuvumilia mvuto wa kuanzia lakini isizidi uwezo wa waya, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya usiungue kukitokea shoti. Waya nao uchunguzwe: kwangua uzi mmoja kwa wembe, na ukionekana mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, hupitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu ya unene uleule.

Ukishafunga, acha injini ifikie joto hadi feni iwake yenyewe, iache izunguke dakika kumi, kisha gusa soketi ya rilei. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikikulazimu kuondoa mkono, kuna ncha iliyolegea, na irudiwe kukazwa kabla gari halijatoka.