Viatu vya mlima vya baloti: vimezaliwa kwa tope, vinakuja kukutana na lava

Baloti ya viatu, yaani robota la mitumba, ikifunguliwa asubuhi hapa Goma, pale Birere au soko la Virunga, ndani yake hazikosi jozi mbili tatu nzito, za shingo ndefu, soli ya meno, na namba ya Kiingereza chini ya ulimi. Wauzaji wanaviita viatu vya mlima, na hawadanganyi. Ila mlima vilivyotengenezewa si huu wetu. Kwa malisho ya Masisi na udongo wa mlima Kahuzi, jozi nzuri ya ngozi ni ununuzi ambao duka la viatu vipya mjini halitakupa kwa bei ileile. Kwa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, nusu ya zilizomo kwenye rundo usiziguse. Na inayong'aa kuliko zote ndiyo ya kuogopa kwanza.

Vingi vya viatu hivi ni vya watembeaji wa milima ya kaskazini mwa Uingereza, na kule shida si urefu. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote ya England, una mita 978 tu. Ziwa Kivu lenyewe limelala kwenye mita 1,460. Shida yao ni maji. Seathwaite, kijiji ambako wengi huanzia kuupanda mlima huo, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Kinder Scout, wenye mita 636, juu yake ni tambarare ya udongo mweusi wa majani yaliyooza, unaomeza mguu hadi kifundoni. Ndiyo maana ulimi wa kiatu umeshonwa pembeni mpaka juu, maji yasiingie kwenye kamba. Ndiyo maana meno ya soli yameachana, tope lidondoke lenyewe kila hatua, na kisigino kimekatwa kwa pembe kali ili kishike breki kwenye majani yaliyolowa.

Mtu anayepanda vilima vya Masisi msimu wa mvua, kati ya ng'ombe na tope lao, hahitaji kuelezwa zaidi. Kahuzi nayo, mita 3,308, mianzi na udongo unaoteleza njia nzima: kiatu kiko kwao.

Nyiragongo ni habari nyingine. Kutoka Kibati, inakoanzia njia, hadi ukingo wa kreta, mita 3,470, unapanda kama mita 1,500 kwa mkupuo mmoja, na sehemu kubwa ni kokoto za lava zinazobingirika chini ya mguu kama maharagwe makavu. Lava hailowanishi kiatu, inakikata. Kiatu cha kitambaa chenye matundu madogo ya hewa, kile chepesi ambacho vijana hukipenda, huanza kuchanika pembeni mwa vidole, halafu kokoto zinaingia na kazi ya kusaga soksi inaanza. Tafuta ngozi nene ya kipande kimoja, yenye ukanda wa mpira unaozunguka pua ya kiatu, upana wa vidole viwili. Ukanda huo ukianza kubanduka, gundi inaurudisha. Ukikosekana kabisa, acha.

Sasa lile la kiatu kinachong'aa. Kati ya soli ya mpira na ngozi kuna tabaka la sponji, na kwenye viatu vingi vya mlima sponji hiyo ni poliyurethani. Hubeba uzito vizuri na haibonyei haraka, lakini unyevu wa hewa huivunja polepole kutoka ndani, hata kama kiatu kimelala kabatini. Tena kinacholala ndicho huumia zaidi, maana kiatu kinachovaliwa hukamuliwa kila hatua na kupata hewa. Baada ya miaka mitano hadi kumi au zaidi kidogo, sponji inageuka kuwa kama mkate mkavu. Ngozi bado nzuri, meno bado marefu, kiatu kama cha jana. Halafu kwenye mteremko, baada ya saa mbili tatu, soli inabanduka yote, kwa kawaida ikianzia kisigino, na ya pili inafuata siku hiyohiyo kwa sababu umri wao ni mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, fanya hivi palepale kwenye turubai. Kandamiza ubavu wa sponji kwa kucha ya dole gumba: ikirudi taratibu, sawa, ikibaki na shimo, ikitoa unga au ikinata kama ubani, rudisha kiatu. Kisha shika pua na kisigino, kunja kwa nguvu mara kumi ukitazama ubavuni. Mipasuko midogo kama ya matope yaliyokauka inatosha kukufukuza. Angalia pia kama kuna rangi ya viatu iliyopakwa hadi kwenye sponji. Rangi hiyo haikupakwa kwa ajili ya urembo. Na tazama lebo ndani ya ulimi, kwani baadhi ya watengenezaji huandika mwezi na mwaka.

Namba nazo huchanganya. Sisi tumezoea 42 na 43. Lebo ya Kiingereza inasema 8 au 9. Nane yao ni karibu 42 yetu, tisa ni karibu 43, lakini kila kiwanda kina mguu wake. Jaribu ukiwa na soksi nene, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, na nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja. Kikibana hapo kwenye turubai, kushuka Nyiragongo kutakutoa kucha za dole gumba.

Kwenye rundo hilohilo kuna wageni wawili wa kuepuka. Wa kwanza ni kiatu cha kazi chenye chuma puani: gonga kwa funguo utasikia. Ni kizuri kwa chantie, kwenye ujenzi, lakini kwenye mteremko chuma kinasaga vidole. Wa pili ni kiatu cha barafu, kizito, soli haikunjiki hata ukipiga goti, nyuma ya kisigino kina kingo ya kufungia meno ya chuma. Muuzaji atakiuza ghali kuliko vyote kwa sababu ya uzito wake. Kwenye milima hii hakina barafu ya kukanyaga, na kutembea nacho kwenye njia ya kawaida ni kama kuvaa mbao.

Ule utando wa ndani usiopitisha maji usiulipie hata faranga. Katika kiatu cha mtumba mara nyingi umeshatoboka pale vidole vinapokunjika. Anayetaka uhakika ajaze maji mpaka chini ya kifundo, aweke kiatu juu ya karatasi kavu kwa dakika kumi. Ukiwa umetoboka, kiatu kinabaki kiatu. Bei ndiyo ishuke.

Jozi yenye ngozi nzima na sponji iliyokufa bado ina thamani ukiwa na kordonye, fundi viatu, mzuri. Usimruhusu arudishe soli kwa gundi juu ya sponji ileile, maana gundi inashika unga, na unga haushiki kitu. Sponji yote itolewe, ngozi ya chini ikwanguliwe, ikae wazi mpaka ikauke, ndipo kiwekwe kipande cha mpira wa tairi au soli mpya. Gundi ipakwe pande zote mbili na kuachwa mpaka isinate kwenye kidole kabla ya kubandika, kisha kiatu kikae chini ya uzito usiku kucha. Kushona pembeni kunaongeza nguvu, ila kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Kwa lava shona, kwa matope ya Masisi afadhali gundi peke yake. Mpira wa tairi ni mzito na unateleza zaidi kwenye jiwe lililolowa, lakini lava haiumalizi upesi.

Njiani beba kamba za akiba, sentimita 150 hadi 180 kwa shingo ndefu, pamoja na ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, urefu wa mita moja. Soli ikibanduka, zungusha mpira chini ya upinde wa mguu na juu ya kamba, funga nyuma ya kifundo. Utafika chini ukichechemea. Na mkirudi, msikaushe viatu juu ya mbabula, jiko la makaa: joto la makala linakausha ngozi mpaka ipasuke na kulegeza gundi ya soli. Toa soli ya ndani, jaza karatasi, badilisha karatasi ikilowa, weka kivulini.